Hivi testi za IQ zinapima akili kweli, au zinapima mtoto ameshakutana na nini?

Mizani99 (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Ile orodha ya wastani wa IQ (namba inayotolewa na testi za akili) kwa kila nchi, inayoweka nchi zetu za Afrika chini kabisa, imeanza kuzunguka tena wasap, mi nimeikuta kwenye grupu la wazazi, na kilichonifanya nifungue uzi sio orodha yenyewe, ni mzazi mmoja aliyeandika chini yake "ndo maana watoto wetu wanafeli, tumeumbwa hivyo", wenzake wakaanza kumuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Mtu ana mtoto yuko darasa la tatu na ameshamfungia hesabu. Imeniuma sana na sitaki kunyamaza.

Kazi yangu ni kupima watoto. Wanaletwa na wazazi au walimu, huyu hasomi, huyu anasahau, huyu wanasema mzito, nakaa nao mezani na yale maboksi ya testi saa nzima na zaidi. Kwa hiyo sisemi kwamba hizi testi ni takataka, ningekuwa naamini hivyo ningeshaacha kazi. Ninachosema ni kwamba zinakuonyesha leo mtoto anafika wapi kwenye kazi za aina fulani, hazikuonyeshi mwisho wake uko wapi. Watu wanachanganya hayo mawili kila siku na watoto ndo wanaoumia.

Tuanzie zilikotoka. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamati kwa sababu ya tatizo ambalo mwalimu yeyote wa hapa analijua: shule imeshakuwa lazima, madarasa yamejaa, kuna watoto wanaachwa nyuma na hakuna njia ya kuwatambua zaidi ya mwalimu kusema "huyu hawezi". Mwanasaikolojia Alfred Binet alikuwa kwenye hiyo kamati, na 1905 yeye na Théodore Simon wakatoa kipimo chenye kazi 30 zilizopangwa toka nyepesi kabisa, mtoto anafuata kwa macho kiberiti kinachowaka, mpaka zile ngumu za kueleza tofauti ya maneno mawili. Lengo lilikuwa kujua nani asaidiwe. Basi. Na 1909 Binet mwenyewe aliandika kwa ukali akiwapinga wanaosema akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kupangwa hakiongezeki, akasema huko ni kukata tamaa kwa kikatili, na alikuwa ameshatunga mazoezi ya kuwanoa watoto wale wale waliofanya vibaya.

Amefariki 1911. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern akaleta wazo la kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, 1916 Lewis Terman kule Stanford, Marekani, akatumia hesabu hiyo na kuzidisha kwa 100, kwa hiyo mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10 anapata 125. Hapo ndipo kipimo cha kumsaidia mtoto kilipogeuka kuwa namba ya kumbandika mtu. 1917 Marekani inaingia vitani, Robert Yerkes na wenzake wanawapima wanajeshi kama milioni 1.7, wanaojua kusoma wanapewa karatasi inayoitwa Alpha. Unajua mle ndani kulikuwa na nini? Swali moja linauliza Crisco ni dawa, sabuni ya kuua vijidudu, dawa ya meno au chakula. Ni mafuta ya kupikia ya Kimarekani. Jingine linauliza Christy Mathewson ni maarufu kwa nini, na jibu ni mchezaji wa besiboli. Mtu ameshuka melini juzi kutoka Italia au Poland, hajawahi kuona besiboli, anakosa, anaandikwa akili ndogo. Carl Brigham akachukua matokeo hayo 1923 akaandika kwamba watu wa Ulaya ya kusini na mashariki wana akili pungufu, 1924 sheria ya kuwabana wahamiaji hao ikapita, na Brigham huyo huyo 1930 akatangaza hadharani kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Sheria haikurudi nyuma kwa sababu yake.

Na tusidhani hayo yaliishia huko kwao. Miaka ya 1930 Nairobi kulikuwa na madaktari wawili, H. L. Gordon na F. W. Vint, waliokuwa wanapima mafuvu na ubongo wa Waafrika ili waonyeshe kwamba elimu ya juu haiwafai watu hawa. Mjadala huo ulifika mpaka London. Kwa hiyo yule mzazi wa grupuni anayesema "tumeumbwa hivyo" anarudia maneno ya zamani sana ambayo yalitungwa makusudi watoto wa babu zake wasijengewe shule.

Naomba tujadili kwa hoja. Nitarudi kwenye orodha yenyewe.

fundi_takwimu

Mkuu uzi mzuri ila umechagua mabaya tu. Mi ni mtu wa takwimu, niseme upande wa pili.

Tarehe 1 Juni 1932 Uskoti walipima karibu watoto wote wa nchi waliozaliwa 1921, watoto 87,498 siku moja testi moja. Karatasi zikakaa stoo miongo na miongo. Ian Deary na wenzake wakazifufua, wakawatafuta baadhi ya watu wale wakiwa na miaka 77, wakawapa testi ileile. Uhusiano kati ya alama za miaka 11 na za miaka 77 ulikuwa 0.63 (0 maana yake hakuna uhusiano, 1 maana yake mpangilio haujabadilika kabisa). Hapo katikati mtu ameoa, amepigana vita, ameugua, amestaafu, na bado aliyekuwa juu kwa sehemu kubwa yuko juu. Kitu kinachokaa miaka 66 hakiwezi kuwa kubahatisha, na hakiwezi kuwa Crisco.

Halafu kuna jambo Charles Spearman aliligundua 1904, kabla hata ya Binet kutoa kipimo chake: mtoto anayefanya vizuri kwenye somo moja huwa anaelekea kufanya vizuri na kwenye mengine, hata yasiyofanana. Hilo limerudiwa mpaka watu wamechoka. Na alama hizi zinatabiri matokeo ya shule na utendaji wa kazi kuliko vitu vingi tunavyovitumia kuchagua watu, kuliko sura kwenye intavyuu, kuliko kujuana. Tukitupa testi nani atafaidika? Wenye ndugu ofisini.

Mizani99

fundi_takwimu asante, na hiyo ya Uskoti ni data nzuri sana, naikubali yote. Ila angalia ni akina nani hao: wamezaliwa mwaka mmoja, nchi moja, lugha moja, wote wamepita shule zenye mtaala unaofanana, wote wameshakaa mbele ya karatasi na penseli toka wana miaka mitano. Mazingira yakifanana kiasi hicho, tofauti inayobaki kweli inakwambia kitu kuhusu mtu. Mazingira yakitofautiana, namba ile ile inakwambia habari nyingine kabisa.

Sasa twende Bagamoyo. Ndiyo, Bagamoyo yetu. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, walichapisha utafiti wa watoto 358 wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo, umri miaka 11 hadi 13. Wakawapa kazi za kufikiri: kupanga kadi kwa makundi, mantiki za "kama hivi basi vile", na ule mchezo wa kuuliza maswali 20 mpaka ujue mwenzako anawaza kitu gani. Kundi moja likapimwa, likakaa, likapimwa tena. Kundi la pili likapimwa, likafundishwa kidogo namna ya kuziendea kazi kama zile, likapimwa tena. Mafunzo yote hayakufika saa moja.

Kundi lililofundishwa likapanda kuliko lile jingine, sawa, hilo wengi wangelitegemea. Kinachonikosesha usingizi mimi ni hiki: kwenye kundi lisilofundishwa uhusiano kati ya alama za mwanzo na za mwisho ulikuwa kama 0.8, yaani aliyekuwa juu kabaki juu, wa chini kabaki chini, kama Uskoti. Kwenye kundi lililofundishwa ulishuka mpaka kama 0.3. Mpangilio ulivurugika. Watoto waliokuwa mkiani baadhi yao waliruka juu, na waliokuwa juu baadhi yao walipitwa. Chini ya saa moja ya kufundishwa!

Sasa niambie, ukiwa na nafasi 10 za shule nzuri, ukatumia ile testi ya kwanza, umechagua nani? Umechagua walioshakutana na michezo kama ile nyumbani kwao. Waliokuwa na uwezo mkubwa wa kujifunza wamebaki kijijini na karatasi inayosema hawana akili.

fundi_takwimu

Nimeielewa, na sio hoja nyepesi. Ila ukimfundisha mtu testi akapanda, umefundisha testi, haimaanishi akili imepanda. Wauza twisheni wote wanajua hilo.

Mizani99

Sisemi akili yao iliongezeka ndani ya saa moja. Nasema ilikuwepo muda wote na testi ya kwanza haikuiona. Mtoto anayeshika njia mpya ndani ya dakika chache, huko kushika ndo akili yenyewe jamani, ungetaka nini zaidi? Kwa hiyo ningependa kipimo kiwe hivi: pima, fundisha, pima tena, uangalie amekwenda umbali gani. Inachukua muda na inachosha, ndo maana wenye haraka hawaipendi.

Jirani wa Ziwa

Niongeze ya huku kwetu Kenya, mimi natoka pande za Siaya. Hao hao akina Sternberg na Grigorenko walikuja Usenge, pale kando ya ziwa, matokeo yakachapishwa 2001. Walipima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za miti shamba. Mtoto akiwa na tumbo la namna hii anapewa nini, kiasi gani, na inatoka kwa mti upi. Mtu ambaye hajakulia kijijini anaweza fikiri huo ni mchezo, lakini huko malaria na minyoo ni kila wiki na kliniki iko mbali, watoto wenyewe wanatibiana. Wakawapa pia testi za kawaida za shule, msamiati na kadhalika.

Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwa zile testi za msamiati. Si ati hakukuwa na uhusiano, ulikuwa wa kurudi nyuma. Watafiti walieleza hivi, na mtu yeyote amekulia huko ataona ni kweli: familia inayoona shule ndiyo njia inamsukuma mtoto kwa vitabu, familia inayoona shule haitampeleka mahali inamfundisha maisha ya pale, na mtoto mwenye akili anachota kutoka kwa kisima alichopelekwa. Ukileta karatasi moja umepima kisima.

Na kuna Embu pia. Watoto wa kijijini Embu walipimwa 1984, wengine wa umri huo huo wakapimwa 1998, testi ya Raven, ile ya kujaza umbo lililokosekana, haina maneno hata moja. Alama zilipanda sana kwa miaka 14 tu. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14. Watafiti walitaja wazazi wengi zaidi kujua kusoma, familia kuwa ndogo, na chakula na afya ya watoto kuwa afadhali. Hiyo karatasi ilitoka 2003.

Mizani99

Jirani wa Ziwa umenisaidia sana, hiyo ya Embu nilikuwa naiendea. Na sio Embu tu. James Flynn wa chuo kikuu cha Otago, New Zealand, alionyesha 1984 kwa Marekani halafu 1987 kwa nchi 14 kwamba alama zinapanda kizazi hadi kizazi, kama pointi 3 kila miaka 10. Ndo maana kampuni zinazotunga testi inabidi zirekebishe viwango kila baada ya muda ili wastani urudi 100. Ukimchukua Mmarekani wa kawaida wa 1920 ukampima kwa viwango vya leo atatoka na namba ambayo watu wangemwita mlemavu wa akili, na huyo alikuwa anaendesha shamba, analea familia, anahesabu fedha zake.

Na shule yenyewe inapandisha. Norwe waliongeza elimu ya lazima toka miaka 7 hadi 9, wakaanza wilaya moja moja kuanzia miaka ya hamsini mwishoni, kwa hiyo ikawezekana kulinganisha vijana walipofika jeshini. Kila mwaka mmoja wa ziada wa shule ulileta karibu pointi 4. Kama shule inapandisha IQ, huwezi kuja na IQ ya mtoto ambaye hakupata shule ya maana ukasema ndiyo sababu hakufaulu shule. Umezungusha duara.

fundi_takwimu

Niongeze hapo hapo Norwe kwa sababu inaunga hoja yako ingawa mi ni wa upande mwingine: kwa waliozaliwa kuanzia katikati ya miaka ya 70 alama zimeanza kushuka, na utafiti wa 2018 ulionyesha zinashuka hata kati ya kaka na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Kwa hiyo ni mazingira, kupanda na kushuka. Hilo nalikubali bila shida. Ninachokataa ni kusema hakuna kinachopimwa.

Chaki Mbili

Mi ni mwalimu wa msingi, shule ya kandokando ya ziwa, upande wa Tanzania. Niseme ninachokiona darasani kwa sababu hapa wengi mmekaa na makaratasi.

Mtoto analala darasani, hakumbuki uliyosema dakika kumi zilizopita, ukimpiga swali anachelewa kujibu, wenzake wameshampa jina kilaza toka darasa la kwanza. Huyo mtoto ana kichocho. Anaoga ziwani, anachota maji ziwani, anakojoa damu na anaona kawaida kwa sababu na kaka yake alikojoa hivyo hivyo. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Tanzania ukachapishwa 2002, watoto wenye maambukizi mazito ya kichocho walikuwa na kumbukumbu ya muda mfupi mbovu na wanachelewa kuitikia. Ukimleta huyo kwenye testi ya IQ unampima yeye au unapima minyoo?

Na zamani maeneo ya nyanda za juu watu walikuwa na mavimbe ya shingo, goita, kwa kukosa madini joto, na mtoto aliyekosa madini joto tumboni kwa mama ubongo wake unaathirika kabisa, hilo halina ubishi duniani. Chumvi yenye madini joto imefanya kazi kubwa kuliko semina zote nilizohudhuria. Halafu macho! Nina watoto wanaohesabiwa wazito kumbe hawaoni ubao.

Halafu kuna mmoja niliwahi kumfundisha, kuandika ilikuwa shida, kuchora kwenye daftari shida, ila ukimpa waya wa kufungia na vifuniko vya soda anakutengenezea lori lina usukani unaozungusha matairi ya mbele, na tela nyuma. Bila mchoro. Mi hilo lori lilinifundisha kitu. Ripoti yake ilikuwa inasema wa mwisho.

Mizani99

Mwalimu, huyo mtoto wako ameshafanyiwa utafiti bila kujua. Robert Serpell alifanya jaribio Zambia na Uingereza, likachapishwa 1979. Akawapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester kazi moja ya kunakili maumbo, ila kwa vifaa tofauti. Kwa penseli na karatasi Waingereza walikuwa mbele. Kwa waya Wazambia walikuwa mbele, kwa sababu huko magari ya waya watoto wanatengeneza toka wadogo. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao wote wameuzoea, walikuwa sawa. Ubongo ule ule, jicho lile lile, badilisha kifaa tu na mshindi anabadilika. Kila nikisikia mtu anasema testi fulani "haielemei utamaduni wowote kwa sababu ni michoro tu" nakumbuka waya.

Na nyingine ambayo naipenda kuliko zote. Miaka ya 60 watafiti waliokuwa na Michael Cole walikwenda Liberia kwa Wakpelle, wakawapa wakulima vitu wavipange makundi: vyakula, zana, vyombo vya kupikia. Wao walitaka vyakula vikae na vyakula, visu na zana nyingine. Wakulima wakaweka kisu na chungwa pamoja, jembe na kiazi pamoja, na wakasema mtu mwenye busara ndo anapanga hivi. Mtafiti akaona basi hawa hawawezi. Mwishoni wakaulizwa, na mpumbavu angepangaje? Wakapanga vile vile mtafiti alivyokuwa anataka, vyakula huku, zana kule, bila kukosea. Walikuwa wanaweza muda wote. Waliona tu haina maana.

Mi hiyo naiona kila wiki mezani kwangu kwa namna nyingine. Kuna sehemu ya testi mtoto anapewa vibao vyekundu na vyeupe apange umbo, na saa inahesabu, ukimaliza haraka unaongezewa pointi. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba kazi nzuri ni ya taratibu anapanga kwa utulivu, anakagua kona, anarekebisha, anamaliza kikamilifu, na pointi zimeshaondoka. Sehemu ya maneno, jibu lililokamilika lina pointi 2 na lisilokamilika 1. Sasa mtoto wa kwetu aliyelelewa kwamba mbele ya mtu mzima unajibu kwa kifupi na kwa adabu, hujisemei tu, atapata moja moja mpaka mwisho. Halafu mtu mzima anamuuliza kitu ambacho ni wazi mtu mzima anakijua, mtoto anajiuliza huyu ananitega au vipi, ananyamaza. Kunyamaza ni sifuri.

Halafu hiyo sifuri inalinganishwa na nani? Namba ya IQ ni nafasi yako kati ya wenzako wa umri wako, wastani 100, theluthi mbili ya watu wako kati ya 85 na 115. Boksi zinazotumika sana viwango vyake vimewekwa kwa watoto wa Marekani au Uingereza. Kwa hiyo ripoti ikisema "82" maana yake ni kwamba ukimuweka mtoto wa Sumbawanga kwenye foleni ya watoto wa Ohio anasimama pale. Mi kwenye ripoti zangu naandika alichoweza na alichoshindwa kwa maneno, kazi kwa kazi, na mzazi akilazimisha namba namkalisha kwanza nimweleze haya.

Mzee Kisarawe

Na ile orodha ya nchi vipi, ulisema utarudi. Ni uongo au ni kweli?

Mizani99

Samahani mzee, nilipitiliza. Nyingi ya hizo orodha zinatokana na kazi ya Richard Lynn na Tatu Vanhanen ya 2002. Walitoa IQ za nchi 185. Nchi walizokuwa na data yoyote ni 81. Hizo nyingine 104 waliweka namba kwa kuangalia majirani zao, yaani nchi haijapimwa mtoto hata mmoja na ina IQ kwenye ramani. Na hizo zilizopimwa zenyewe, Guinea ya Ikweta walipewa 59, ukifuatilia unakuta ni watoto waliokuwa kwenye makao ya watoto wenye ulemavu wa ukuaji huko Hispania. Hispania mzee wangu! Mholanzi Jelte Wicherts na wenzake walipozipitia upya tafiti za Afrika wakaonyesha zilizochaguliwa zilielemea upande wa alama za chini. Na 2018 chuo kikuu cha Ulster kilimvua Lynn cheo cha heshima. Sasa hiyo ndo karatasi ambayo mzazi anaitumia kumhukumu mwanae.

Mzee Kisarawe

Nimekuelewa mwanangu. Lakini basi tusipime kabisa?

Mizani99

Hapana, tupime. Nina watoto ambao bila testi wangeendelea kuchapwa: anaelewa kila kitu ukimsomea, kumbukumbu nzuri, ila herufi zinamshinda, hapo napata ushahidi wa kumwambia mwalimu huyu sio mvivu wala sio mzito, ana shida ya kusoma na inafundishika. Mtu aliyepata ajali ya bodaboda akaumia kichwa, testi inaonyesha kipi kimepungua na miezi sita mbele kipi kimerudi. Na kuna sehemu ni uhai wa mtu: mahakama kuu ya Marekani ilikataza 2002 kumuua mwenye ulemavu wa akili kwa adhabu ya kifo, jimbo la Florida likashikilia mstari wa 70, ukipata 71 huna kinga hiyo, mpaka 2014 mahakama ikasema huwezi kutumia mstari mkavu namna hiyo kwa sababu kila testi ina kiasi chake cha kukosea. Hata huko Marekani zilikogeuzwa namba, majaji wamelazimika kusema namba peke yake haitoshi.

Binti Tanganyika

Bandugu habari zenu. Nimesoma yote na moyo unaniuma. Mimi ni mama wa Fizi, Kongo, tulikaa sana kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa tuko Marekani. Binti yangu hajamaliza hata mwaka huku. Shule yake ilimupima akili kwa Kiingereza, banasema yuko chini sana, banataka kumuweka mu darasa la batoto benye ulemavu. Huyu mutoto kule kambini njo alikuwa anasomea babu yake Biblia, anahesabu chenji sokoni, anajua Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kidogo. Walinipa makaratasi nitie saini. Bado sijatia. Nifanye nini?

Mizani99

Dada usitie saini kwanza, na usiogope, kutotia saini sio kosa. Sheria ya huko ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inaitwa IDEA, iko wazi: mtoto apimwe kwa lugha yake ya nyumbani kadiri inavyowezekana, kipimo kisiwe cha kumbagua kwa asili au utamaduni, na hawaruhusiwi kutumia testi moja peke yake kuamua. Na ridhaa yako inatakiwa kabla ya kumuanzishia hizo huduma. Kutojua Kiingereza hakuwezi kuwa sababu ya kumuita mlemavu, hilo nalo limeandikwa.

Waandikie barua, sio kusema kwa mdomo, uweke na tarehe. Sema unataka mkalimani wa Kiswahili kwenye kila kikao, hiyo ni haki yako na hulipi. Sema unataka apimwe tena kwa Kiswahili, na kama hukubaliani na matokeo yao una haki ya kuomba mtu wa nje ampime kwa gharama ya shule, wakikataa itabidi wapeleke sababu zao mbele ya msikilizaji wa kesi. Waambie waandike pia alisoma wapi na kwa lugha gani miaka yote, maana mara nyingi faili halina hata mstari mmoja kuhusu kambi. Na wewe peleka vya kwako: daftari zake za zamani kama zipo, mrekodi video anasoma Kiswahili, anapiga hesabu za sokoni.

Na kuna kesi moja uijue wakikubana: California, 1979, Larry P. dhidi ya Riles. Wazazi weusi walishtaki kwa sababu watoto wao walikuwa wanarundikwa kwenye madarasa ya wenye upungufu wa akili kwa testi za IQ, na jaji Robert Peckham akaamua testi zile zisitumike kuwaweka watoto wale huko. Haifungi jimbo lako kama uko kwingine, ila inaonyesha wazazi walishasimama.

Uko jimbo gani, na mkutano nao ni lini? Njoo PM, tuandike hiyo barua leo.

Binti Tanganyika

Mungu akubariki. Mukutano ni Alhamisi. Nakuja PM sasa hivi.

fundi_takwimu

Dada, na mimi niko huku huku Marekani. Ripoti yao ikija na zile namba nitumie, ukificha jina la mtoto, nikuandikie ukurasa mmoja wa kueleza kiasi cha kukosea na kwa nini viwango vile havimhusu mtoto aliyefika juzi. Utauweka mezani siku hiyo ya Alhamisi.